Sura ya Saba: Bi Mdogo Hakulala

"Sifa zake nimeshazisikia," Inspekta alisema. "Sasa nipe lawama zake."

Fundi wa ghala la silaha aliacha kufuta. Mbele yake, juu ya meza ya mbao iliyokunywa mafuta miaka mingi hadi ikawa nyeusi, ilikuwepo rashasha nyepesi ya Kirusi, ya enzi za Usovieti, imesimama kwa miguu yake miwili ya mbele, mtutu wake mrefu ukitazama ukuta. Kikosi kizima cha ulinzi wa barabara kilimwita fundi huyu Mzee Grisi, na alikuwa na tabia ya kuzisifu bunduki zake kama mshenga anavyomsifu binti wa watu.

"Lawama?" alisema. "Afande, hii ukiitumbukiza kwenye tope unaiokota, unaikung'uta, unapiga. Mchanga haiujali. Nyepesi, mtu anaibeba kwa mkono mmoja na wa pili anajikuna. Risasi zake ni zilezile za bunduki za wenzake, na magazini ni zilezile. Ukiishiwa unanyoosha mkono tu, jirani anakupa yake. Askari yeyote aliyejifunza bunduki ya kawaida hii anaijua bila hata kufundishwa."

"Hizo bado ni sifa, mzee."

Mzee Grisi akaguna. Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, na wenzake makao makuu walimwita Kupe, si mbele yake, kwa sababu akikushika habanduki mpaka ashibe. Alivuta kigoda akaketi, ishara kwamba asubuhi ile hakuwa na safari nyingine.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Sajini wa kikosi alikuwa amekufa kwa risasi moja ya kifua, ndani ya chumba cha redio cha kituo cha daraja, wakati mapambano na majambazi wa barabarani yalikuwa yameshakwisha na watu wanahesabiana kama wote wazima. Risasi ilitoka katika bunduki hii. Mwenye bunduki alikuwa konstebo mmoja mpana, waliyemwita Bega kwa kuwa ndiye aliyekuwa akibeba vitu vizito vyote vya kikosi. Bega sasa alikuwa mahabusu. Kesho angefikishwa mahakamani kwa shitaka la kuua kwa kukusudia, na kwa shitaka hilo sheria ilikuwa na jibu moja tu, kitanzi.

Ushahidi dhidi yake haukuwa haba. Sajini alikuwa shemeji yake, amemwoa dada yake wa pekee, na haikuwa siri kambini kwamba ndoa ile ilikuwa na makofi ndani yake. Siku chache kabla ya tukio Bega alisimama kantini, mbele ya watu, akamwambia Sajini: "Ukimgusa tena, wewe na mimi mmoja atazikwa." Halafu kulikuwa na suala la ganda. Kila risasi inayopigwa hutema ganda lake la shaba, na katika chumba kile Inspekta alikuwa ametambaa sakafu nzima kwa magoti, akahamisha hata mtungi wa gesi, asilione. Mkuu wa upelelezi alikuwa amelifunga jambo hilo kwa sentensi moja: asiye na hatia haokoti maganda. Inspekta mwenyewe, mpaka asubuhi ile, hakuwa na la kumpinga.

Kilichomsumbua kilikuwa kidogo. Bega alikuwa akirudia neno moja tu tangu akamatwe, kwamba hakugusa triga. Waongo aliowazoea Inspekta walikuwa na maneno mengi kuliko hayo.

"Nikuulize hivi," akamwambia Mzee Grisi. "Ungeambiwa uchague, ungekwenda kupigana na hii au na ile pale?"

Alionyesha rafu ya ukutani, palipoegemezwa rashasha nyingine, nzito zaidi, yenye kopo la duara chini ya tumbo. Uso wa fundi ukalainika.

"Ile ni Bi Mkubwa. Hii ni Bi Mdogo, imekuja juzi juzi. Bi Mkubwa amekaa na kikosi miaka. Mzito, lakini ana mkanda wa risasi mia ndani ya kopo, anakula taratibu. Bega na wenzake wote wamekulia mikononi mwake." Akaipapasa ile iliyokuwa mezani, kwa haki, kama asiyetaka kubagua. "Bi Mdogo mwepesi, mzuri, lakini haya, umetaka lawama. Magazini yake ndefu, ukilala chini inagonga ardhi, inakulazimisha unyanyue kichwa, na hapo ndipo adui anapokitaka. Risasi arobaini zinakwisha kabla hujamaliza kukasirika. Na mtutu wake haubadilishwi. Bunduki kubwa zaidi, mtutu ukishika moto unautoa unaweka mwingine. Huyu hapana. Inabidi udonoe, mbili, tatu, unapumzika. Ukimkazania, anachemka."

"Na Bi Mkubwa?"

"Naye wake haubadilishwi. Ila yeye akinyamaza anapoa upesi."

"Kwa nini?"

"Ndivyo alivyoumbwa."

Inspekta aliliweka jibu hilo kichwani bila kulionyesha. "Inaweza kujipiga yenyewe, hii?"

Mzee Grisi alikunja uso kama aliyetukaniwa mama yake. "Nimeidondosha sakafuni, kichwa chini miguu juu. Nimeigonga kwa nyundo ya mpira kila upande. Hailii bila kidole, Afande. Hilo nitaapa popote."

* * *

Kituo cha daraja kilikuwa chumba kimoja cha matofali ya saruji na kibaraza. Koplo wa redio, mtu mwembamba aliyeongea huku akivuta vuta kola, alimpokea Inspekta kwa adabu ya mtu aliyechoka kuhojiwa.

"Nionyeshe tena," Inspekta alisema. "Usinieleze. Kaa ulipokuwa umekaa, na uniweke mimi alipokuwa Bega."

Koplo akakaa mbele ya redio, mgongo kwa chumba. Akamwelekeza Inspekta penye dumu la maji, pembeni mwa dirisha. Katikati yao palikuwa na meza iliyotandikwa nailoni yenye maua mekundu.

"Majambazi walikuwa wengi?"

"Wengi, na walikuwa wamejipanga. Bega ndiye aliyetuokoa, Afande, sitaki kusema uongo kwa kuwa yuko ndani. Alilala pale kwenye ukingo wa daraja akawamiminia. Magazini zake zilipokwisha tukampa zetu. Zinaingia, si unajua. Mimi mwenyewe nimempa zangu zote nikabaki na bastola. Akawa anapokea hii, anatupa ile, hapumziki. Walipokimbia bado anapiga, mpaka Sajini akamfokea aache."

"Akaacha."

"Akaacha, akaingia humu. Akachomoa magazini, akaiweka bunduki mezani, miguu imefunguka, mdomo unatazama mlango. Akasema 'kalala,' akaenda kwenye maji."

"Amesema nini?"

Koplo akashtuka kidogo, kama mtu aliyeulizwa maana ya 'karibu.' "Kalala. Ndivyo tunavyosema. Mpiga rashasha akishaitoa risasi na kuiweka chini anasema Bi Mkubwa kalala, ili wenzake wajue ni salama kupita mbele yake. Usiposema, hapiti mtu. Sajini mwenyewe alitufundisha, na ukisahau alikuwa anakupa adhabu ya kubeba mawe."

"Kwa hiyo Sajini alipita mbele ya mdomo wa bunduki kwa sababu alisikia neno hilo."

"Alikuwa mlangoni. Alisikia. Akaingia kuja kuchukua kipaza sauti atoe ripoti." Koplo akavuta kola. "Mlio ukasikika mmoja tu. Nikageuka. Sajini yuko chini. Bega amesimama hapo mezani, ameishika bunduki."

"Ameishika wapi?"

"Mbele. Hapa." Mkono wake wa kushoto ukafumba hewa juu ya meza. "Kwenye mtutu. Halafu akaiachia, akapiga yowe. Nikadhani analia kwa alichofanya."

"Na mkono wa kulia?"

"Ulikuwa na kikombe."

Inspekta aliikumbuka bandeji kwenye kiganja cha kushoto cha Bega, na daktari wa mahabusu aliyesema ni malengelenge ya moto, jambo ambalo hakuna aliyelipa uzito kwa kuwa wapiga rashasha wote wana makovu ya moto. Hakuna mtu anayemlenga mwenzake kwa kushika mtutu, na wala hakuna mpiga rashasha wa miaka mingi anayeushika mtutu uliotoka vitani kwa kiganja kitupu. Anaushika tu aliyesahau kila kitu isipokuwa kuutoa mdomo ule usimwelekee mtu.

Aliinamia meza. Maua mekundu ya nailoni yalikuwa safi upande wote isipokuwa mahali pamoja, chini ya pale mtutu ulipoanzia. Hapo nailoni ilikuwa imejikunja, imekuwa kahawia, na katikati palikuwa na tundu lenye kingo ngumu. Bunduki ilikuwa imesimama kwa miguu yake, mtutu hewani, haukuigusa nailoni hata kidogo. Joto peke yake ndilo lililoiyeyusha.

Nyumbani kwake Inspekta alikuwa na sufuria nzito ya chuma, urithi wa bibi yake. Ukiiepua mekoni na kuiweka chini, wali uliomo unaendelea kuiva, na usipoangalia unaungua ukiwa umeshazima jiko. Alisimama akiitazama nailoni ile, akaifikiria sufuria. Akamwambia dereva wamrudishe ghalani, na haraka.

* * *

Mzee Grisi alikuwa anakunywa chai. Alipomwona anarudi alikiweka kikombe chini kwa kukata tamaa.

"Mzee wangu, uliijaribu bunduki hii ikiwa baridi."

"Sasa ningeijaribu vipi?"

"Umeniambia Bi Mkubwa akinyamaza anapoa upesi. Leo asubuhi nilikuuliza kwa nini, ukaniambia ndivyo alivyoumbwa. Nataka kujua alivyoumbwa."

Fundi akaisogelea rafu, akaishusha Bi Mkubwa na kuuvuta mkono wa kukoki. "Tazama. Kizibo kinachosukuma risasi kinabaki huku nyuma. Ukibonyeza triga kinakwenda mbele na risasi, inalia. Ukiachia triga, kinarudi na kungoja nyuma. Chemba iko wazi, tupu, upepo unapita. Ndiyo maana ukichomoa mkanda umemaliza. Hana kitu ndani."

"Na Bi Mdogo?"

Mzee Grisi akaigeukia ile ya mezani. Inspekta alimwona akikifikia kile alichokuwa anakijua siku zote bila kukitazama.

"Huyu ni tofauti," alisema polepole. "Huyu ni kama bunduki ya kawaida. Kila akitema moja, anameza nyingine na kufunga mlango. Ukiacha kupiga, moja inabaki chemba. Ukichomoa magazini bado ipo. Ni lazima uvute mkono huu uitoe."

"Na chemba ikiwa ya moto sana?"

"Inaiva," Mzee Grisi alisema kwa sauti ya chini. "Baruti inaiva. Haihitaji kidole."

"Asubuhi uliniapia."

"Nilidhani unaniuliza kama ni mbovu! Si mbovu, Afande. Hilo si kosa lake, ni la aliyemwachia risasi tumboni. Kila mtu anajua kuitoa."

"Kila mtu aliyefundishwa," Inspekta alisema. "Weka sefti yake juu nione."

Mzee Grisi akasukuma kile kibamba kirefu cha ubavuni juu, triga ikafungika. Kibamba hicho kilikuwa kimeziba pia njia ya mkono wa kukoki. Inspekta akaleta uso karibu. Ukingo wa kibamba, pale hasa mkono wa kukoki ungeugonga ukirudi nyuma, ulikuwa na alama mbichi, na kando yake alama nyingine bapa za nyundo.

"Nani amekigonga hiki?"

Mzee Grisi akaokota kitambaa chake, akaanza kufuta meza.

"Mzee wangu. Kuna mtu atanyongwa."

"Mimi," Mzee Grisi alisema. Akakiweka kitambaa chini. "Ililetwa jioni ile ile pamoja na nyingine, kabla nyie hamjafika. Hiki kibamba kilikuwa kimepinda. Nikadhani ameiangusha. Nikakinyoosha. Bunduki ikiingia humu chafu inatoka safi, ikiingia imepinda inatoka imenyooka, ndiyo kazi yangu miaka yote. Nimeisafisha kabla sijaambiwa Sajini amekufaje. Nilipoambiwa ni kielelezo, nikaogopa. Wangesema nimeharibu ushahidi."

"Na umeuharibu kweli. Sefti ilikuwa juu ilipoletwa?"

"Juu. Imekwama juu."

"Uliifungua. Chemba ilikuwa na nini?"

Alijua jibu kabla ya kuuliza, lakini ilimbidi alisikie likisemwa na mwingine.

"Ganda," alisema Mzee Grisi. "Ganda tupu, limekaa humo humo. Nikalitupa kwenye debe na wenzake."

Debe lilikuwa pale kona, limejaa shaba hadi ukingoni. Hakukuwa na namna ya kulijua lile moja kati ya yote yale. Inspekta aliliangalia, akahisi hasira kwa mikono ile nadhifu ya mzee. Halafu akajituliza, kwa sababu alichokuwa amekipata kilitosha. Risasi iliyopigwa na kidole hutema ganda lake nje, lakini mara hii sefti ilikuwa imeuzuia mkono wa kukoki usirudi nyuma na kulitoa ganda. Sefti ikiwa juu triga haibonyezeki, hata abonyeze Bega mwenye mabega yale. Ganda halikuonekana chumbani kwa kuwa halikuwahi kutoka ndani ya bunduki.

"Utayaandika haya yote na kuyatia sahihi," alisema. "Jambo la mwisho. Bi Mdogo alipoletwa, nani alitakiwa kuwafundisha?"

Mzee Grisi alisitasita, kama watu wanavyositasita wanapotaka kumsema maiti.

"Sajini. Ndiye mkufunzi. Nilimwambia, tuwakalishe vijana siku mbili. Akanicheka. Akasema hii ni ndugu ya bunduki wanazolala nazo, kozi ya nini? Si ndiyo sifa yake hiyo?"

* * *

Walimleta Bega kwenye chumba cha mahojiano bila pingu, kwa sababu Inspekta alitaka mikono yake iwe huru. Bi Mdogo alikuwa mezani. Ndani ya magazini na chemba Inspekta alikuwa ameweka risasi za mazoezi, za mbao, zisizo na baruti. Bega aliiona bunduki, akarudi hatua nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Haina kitu cha kuua," Inspekta alisema. "Nataka ufanye jambo moja. Umetoka kupigana. Umeingia chumbani. Ilaze, kama ulivyoilaza siku ile."

"Afande, mimi sikugusa triga."

"Najua. Ilaze."

Bega aliisogelea. Kiganja chenye bandeji alikibakisha kifuani, akafanya kwa mkono wa kulia tu, na mkono ule ulikwenda wenyewe, bila kuulizwa, kama wa mama anayefunga kanga gizani. Akachomoa magazini na kuiweka kando. Akapandisha sefti juu. Akahakikisha miguu imesimama vizuri.

"Kalala," alisema.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Inspekta akashusha sefti, akavuta mkono wa kukoki. Risasi ya mbao ikaruka kutoka ndani, ikaanguka mezani na kubingirika.

Bega aliitazama. Inspekta alikuwa ametoa habari mbaya kwa watu wengi maishani mwake, lakini hakukumbuka kumwona mtu akiielewa kwa mwendo ule, kuanzia macho, halafu mdomo. Akamvutia kiti.

"Bi Mkubwa hana hiyo," Bega alisema.

"Hana. Na miaka yote mikono yako imefundishwa na Bi Mkubwa. Huyu alikuwa na moja ndani, na mtutu ulikuwa wa moto wa kuyeyusha nailoni. Ikaiva, ikaondoka yenyewe. Sefti yako ilikuwa juu, alama yake nimeiona. Hukumuua kwa kukusudia, na nitalisema hilo kesho mahakamani mpaka wachoke kunisikia. Watakushitaki kwa uzembe, pengine. Sitakudanganya kwamba utatoka leo. Lakini kitanzi hakipo."

Alitegemea ashukuru, au alie. Bega alikuwa bado anaitazama ile risasi ya mbao.

"Nilisema kalala," alisema. "Alisikia kalala, ndiyo akaingia. Aliniamini."

Inspekta akaiokota ile risasi ya mbao, akaitia mfukoni.

* * *

Mjane alikuwa kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa akija tangu mazishi, anakaa kimya, na kila akiulizwa kama anataka kumwona kaka yake, alikuwa akijibu kwamba anangoja kujua kwanza. Mkuu wa upelelezi alimchukulia kuwa shahidi mzuri wa upande wa mashitaka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, na chini ya jicho lake la kulia palikuwa bado na rangi ya njano ya kipigo cha zamani. Jirani zake walikuwa wameshaambiana kwamba angalau sasa atapumzika.

Inspekta alikaa kando yake, akamweleza yote kwa maneno mepesi, kwa mpangilio, bila kuruka. Alipofika kwenye mafunzo alisita. Angeweza kulipita jambo lile. Lakini kesho lingesemwa mahakamani mbele ya wageni, na aliona heri alisikie hapa.

"Aliyetakiwa kuwafundisha hiyo bunduki mpya alikuwa mumeo, mama. Aliona haina haja."

Mjane alitikisa kichwa polepole.

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Hata dawa ya mtoto hakuwa anasoma karatasi yake. Alikuwa anasema, dawa ni dawa." Akajifuta pua kwa ukingo wa kitambaa. "Kwa hiyo ni kweli. Kaka hakukusudia."

"Hakukusudia."

"Una hakika? Usiniambie ili nitulie."

"Sina kazi ya kuwatuliza watu, mama. Sefti ilikuwa juu. Hata angetaka, isingewezekana."

Mjane akasimama. "Nipeleke."

Bega alipomwona anaingia aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Inspekta alibaki mlangoni, kama kanuni inavyotaka, na safari hii alitamani kanuni ingekuwa nyingine.

"Mdogo wangu," Bega alisema, "nimemuua shemeji."

"Umemuua," mjane alisema.

Askari wa zamu aligeuza uso. Mjane akakaa kwenye kiti cha mbele yake, akaweka mikono yote miwili mezani.

"Ile siku niliyokupigia simu nikilia," alisema, "nikakuambia amenifanya nini, ulinyamaza tu, ukakata. Kesho yake ukamtishia mbele ya watu. Halafu akafa. Kaka, sijalala tangu siku ile. Sikuwa naogopa kwamba wewe ni muuaji. Nilikuwa naogopa kwamba mimi ndiye niliyekutuma."

Bega aliinua macho.

"Afande anasema hukukusudia," mjane aliendelea. "Basi sikukutuma."

"Hukunituma," Bega alisema. "Wallahi hukunituma."

Mjane akamshika ule mkono wenye bandeji, kwa kulikumbuka jeraha akalegeza, akauacha humo ndani ya mkono wake. Kisha alilia kwa sauti, kwa ajili ya mume aliyekuwa akimpiga na ambaye hakuwa amepata nafasi ya kumlilia, na kaka yake akalia naye.